Mgeni wa Kazi Naye Apewe Jembe

Wazee wetu waliosema kuwa mgeni ni siku mbili, na ya tatu apewe jembe, hawakukusudia kumdhalilisha mgeni. Walijua kuwa mtu asiye na kazi katika nyumba ya watu hugeuka mzigo, kisha hugeuka chombo cha kutumiwa na kila mwenye haja. Tumeikumbuka methali hiyo baada ya kuletewa malalamiko ya kijana mmoja wa Pemba, mhitimu wa shahada ya uhasibu, aliyeiacha kazi yake ya kwanza hapa Unguja kabla ya kutimiza mwaka. Taasisi yenyewe hatutaitaja. Nia yetu si kumfedhehesha mtu, na tunaamini wapo wakuu wa idara zaidi ya mmoja watakaodhani kuwa wanasemwa wao.

Kijana huyu aliripoti na barua yake ya ajira. Barua ilitaja cheo na mshahara, haikutaja kazi. Kwa muda wa miezi mitatu alikaa katika chumba cha watu watano chenye meza nne, akingojea mkuu wake amwite. Mkuu alikuwa safarini, ama mkutanoni, ama ametoka sasa hivi. Alipouliza afanye nini aliambiwa asome mafaili. Alipouliza asome yapi, aliambiwa kuwa wasomi wa siku hizi wana maswali mengi. (Neno “msomi”, ambalo wazee wetu walilitamka kwa fahari, katika baadhi ya ofisi limekuwa la kejeli.) Hakuonyeshwa leja, hakutambulishwa kwa mtunza ghala, wala hakupewa mtu wa kumfuata.

Mwezi wa nne akakumbukwa. Aliitwa adhuhuri moja akawekewa mbele yake hati tatu za kupokelea mali, za vipuri vya gari na dizeli, akaamrishwa atie saini kuwa mali imepokelewa, kwani mwenye kazi hiyo yuko likizo na mfanyabiashara anangojea malipo. Kijana akaomba aione mali kwanza. Hilo tu. Hakumtuhumu mtu wizi, na yamkini kila kipuri kilikuwamo ghalani. Akajibiwa kuwa hana adabu. Tangu siku hiyo jina lake halikuonekana tena katika orodha ya posho, akahamishiwa kwenye kupokea barua, na katika ripoti yake ikaandikwa kuwa hana ushirikiano.

Tungependa wakubwa wetu waitazame vyema hati ile ni kitu gani. Malipo ya Serikali huegemea karatasi zinazoshuhudiana: agizo la kununua, hati ya kupokelea mali, na ankara ya muuzaji. Hesabu zake zikipatana, mhasibu hulipa bila ya yeye mwenyewe kwenda ghalani. Kwa hiyo aliyetia saini katika ile ya kati ndiye jicho la wote walio baada yake. Ikiwa yeye hakuona, basi hakuna aliyeona. Na siku Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali atakapotuma watu wake, hawataanza kwa kuuliza nani aliamrisha kwa mdomo. Watauliza saini hii ni ya nani. Amri ya mdomo haina faili.

Sisi tuliokaa juu ya mkeka wa chuoni kabla ya kukalia dawati la skuli tulisomeshwa kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani haizungumzii vita wala mirathi, bali kuandikiana deni, na kuwa ndani yake mna katazo la kumdhuru mwandishi na shahidi. Kijana huyu alitakiwa awe mwandishi na shahidi kwa pamoja, wa jambo asilolishuhudia, na alipokataa akadhuriwa.

Wapo watakaosema kuwa vijana hawana subira, na kuwa wao wenyewe walianza kazi kwa kubeba mafaili. Kubeba mafaili si aibu. Lakini waliobeba mafaili walikuwa na mkubwa aliyewaambia faili hili linakwenda wapi na kwa nini, na hiyo ndiyo iliyokuwa skuli yao ya pili. Mwongozo wa TANU wa 1971, katika kifungu chake cha 15, uliwakanya viongozi juu ya majivuno na dharau. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, walakini karipio lile bado lina wenyewe.

Tukumbuke pia gharama. Elimu bila ya malipo ilitangazwa Visiwani tarehe 23 Septemba 1964. Kwa miaka mingi aliyetaka shahada alilazimika kuvuka bahari, mpaka vyuo vikuu vya hapa nyumbani vilipofunguliwa, na Chuo Kikuu cha Taifa kikaanza kusomesha mwaka 2001. Kijana wetu amesoma kwa mkopo. Kazi hana, deni analo. Fedha hizo ni za mchuma karafuu wa Wete na muuza samaki wa Malindi, nazo zimepotea kwa sababu mtu mmoja hakupata nusu saa ya kumwelekeza mgeni.

Tunachokitaka si kikubwa. Kila anayeajiriwa apewe, pamoja na barua, karatasi nyingine inayotaja kazi zake na jina la atakayemfundisha. Na makatibu wakuu waulize kila robo mwaka ni waajiriwa wapya wangapi wameacha kazi, na sababu waisikie kutoka kwa walioondoka wenyewe, si kwa waliobaki.

Ama hati zile tatu, tumearifiwa kuwa zilitiwa saini siku ya pili yake na kijana mwingine, wa mkataba wa muda, na mfanyabiashara amekwisha lipwa. Anayehusika anazijua. Ghala liko palepale, na kuhesabu vipuri ni kazi ya asubuhi moja.