Kitafuta Samaki Huchaguliwa kwa Kina cha Maji

Mnunuzi anayeingia duka la vifaa vya boti mjini Sydney huonyeshwa skrini kwanza. Ipo ya inchi 5, ya 7, ya 9 na ya 12, na kila ukubwa unapoongezeka bei nayo hupanda, kutoka mamia machache ya dola za Australia hadi maelfu. Wengi huchagua skrini kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu, wakaifunga botini, kisha wakifika baharini wanaona mawingu ya rangi wasiyojua yanasema nini. Wamenunua kwa kuanzia mwisho. Mvuvi wa burudani anapaswa kujiuliza kwanza samaki anaowataka wanakaa kwenye kina gani. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua masafa ya sauti, nguvu ya kifaa na aina ya transdyusa. Skrini hufuata.

Sauti na mwangwi wake

Mabaharia wa zamani walipima kina kwa bildi: kamba yenye risasi nzito nchani, ikishushwa hadi iguse chini. Kitafuta samaki kinafanya kazi hiyohiyo kwa sauti, mara nyingi kila sekunde. Kina sehemu mbili: skrini iliyo mbele ya nahodha, na transdyusa, kidude kinachokaa majini upande wa tezi. Ndani ya transdyusa mna kipande cha kauri ambacho kikipitishiwa umeme hutetemeka, na kikitetemeshwa hutoa umeme. Hupiga mlio tusioweza kuusikia, hunyamaza, kisha husikiliza mwangwi.

Sauti husafiri baharini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde. Kwenye kina cha mita 30, mwangwi wa sakafu hurudi baada ya sehemu nne tu za mia za sekunde. Kwenye mita 500 huchukua karibu theluthi mbili za sekunde, na kifaa hulazimika kuusubiri kabla ya kupiga mlio mwingine. Ndiyo maana picha ya maji marefu husogea taratibu hata kwenye mashine ya bei kubwa.

Samaki huonekana hasa kwa sababu ya kibofu cha hewa kilicho tumboni mwake, kwani hewa hurudisha sauti vizuri zaidi kuliko nyama. Papa, ambaye hana kibofu hicho, hutoa mwangwi hafifu usiolingana na ukubwa wa umbo lake. Ndugu wawili wa ukoo wa Furuno, huko Nagasaki nchini Japani, walitumia elimu hii kuunda kitafuta samaki cha kwanza cha kibiashara mwaka 1948. Elimu hiyohiyo hutumiwa na watafiti wa Ziwa Victoria kukadiria wingi wa sangara na dagaa.

Jambo moja huwapotosha wanunuzi wengi: skrini haionyeshi picha ya bahari iliyoizunguka boti. Mstari wa mwisho kulia ndio maji yaliyo chini yako sasa hivi. Vyote vilivyo kushoto kwake vimeshapita. Samaki akiingia pembeni mwa mwale wa sauti huwa mbali kidogo na transdyusa, akifika katikati huwa karibu, akitoka huwa mbali tena. Hivyo huchorwa kama tao. Boti ikiwa imetia nanga na samaki akatulia chini yake, atachorwa kama mstari mrefu, hata akiwa mdogo kama kidole. Urefu wa alama hueleza muda samaki aliokaa ndani ya mwale. Ukitaka kukisia ukubwa wake, tazama unene wa alama na ukali wa rangi.

Maji matatu ya Sydney

Bahari ya Sydney ni nzuri kwa somo hili kwa sababu ndani ya mwendo wa saa chache mvuvi anaweza kupita aina tatu za maji, na kila moja ina mahitaji yake.

Maji ya kwanza ni ya ndani: Bandari ya Sydney, Botany Bay, Port Hacking, Pittwater na mto Hawkesbury. Sehemu kubwa haifiki mita 30. Bandari yenyewe ina mashimo machache yanayozidi mita 40 karibu na daraja lake maarufu, lakini wastani wake hauzidi mita 15. Hapa yanahitajika masafa ya juu: kilohezi 200 kwa kazi ya kawaida, na 455 au 800 kwa picha zinazoonyesha nguzo za gati, magogo na mipasuko ya mwamba. Nguvu ya wati 300 inatosha. Mtu asitarajie, hata hivyo, kumwona kila samaki. Flathead, anayependwa sana na wavuvi wa Sydney, hulala amejifukia mchangani, na mwangwi wake humezwa na ule wa sakafu. Anayemtafuta huyu anatumia kifaa kusoma ardhi: kingo za mchanga, mifereji, na mahali maji mafupi yanaposhukia marefu.

Maji ya pili yako nje ya lango la bandari, kati ya mita 20 na 100. Huku kuna miamba ya asili kama ile iliyo nje ya Long Reef, na kuna mwamba bandia wa chuma uliozamishwa mwaka 2011 kusini mwa lango, penye kina cha mita 38 hivi. Snapper, anayefanana na changu wetu, na kingfish, aliye wa jamii ya kolekole, hukaa karibu na miinuko ya namna hii. Kifaa cha wati 600 chenye mfumo wa CHIRP ndicho chaguo la busara. Vifaa vya zamani hupiga mlio wa masafa mamoja. CHIRP hupiga mlio unaopanda kutoka masafa ya chini hadi ya juu, kisha kompyuta huulinganisha na mwangwi uliorudi. Faida yake ni kutenganisha vitu vilivyokaribiana. Mlio wa kawaida wa sehemu moja ya elfu ya sekunde hauwezi kutofautisha vitu viwili vilivyopishana kwa chini ya sentimita 75 kwenda chini. Samaki aliye nusu mita juu ya mwamba atachorwa kama sehemu ya mwamba. Kwa CHIRP pengo hilo hupungua hadi sentimita chache, na samaki aliyeganda juu ya jiwe huonekana peke yake.

Maji ya tatu yako pale sakafu ya bahari inapoanza kuporomoka. Mlima wa chini ya bahari uitwao Browns Mountain, zaidi ya maili 20 za baharini kutoka pwani, uko kwenye kina cha mamia ya mita. Maji ya chumvi humeza sauti ya masafa ya juu haraka, kwa hiyo huku hutumika masafa ya chini, karibu kilohezi 50, pamoja na nguvu ya kilowati 1.

Lakini masafa ya chini yana gharama yake. Mwale wa sauti hutanuka kadiri unavyoshuka, kama mwanga wa tochi. Transdyusa ndogo ya kilohezi 50 inaweza kuwa na mwale wa nyuzi 45. Kwenye mita 400, mwale huo hugusa duara la sakafu lenye kipenyo cha zaidi ya mita 330. Kilele cha mwamba na bonde lililo kando yake huchanganyika kuwa alama moja. Transdyusa yenye uso mkubwa hubana mwale: wa nyuzi 20 hugusa duara la mita 140 hivi kwenye kina hichohicho. Ndiyo sababu transdyusa ya maji marefu ni nzito, na mara nyingine huwa ghali kuliko skrini inayoihudumia.

Hata hivyo, kwenda maji marefu si lazima kuvua sakafuni. Anayekokota chambo kumtafuta nduaro au jodari, au anayemfuata fulusi kwenye maboya ya kukusanyia samaki yanayowekwa na serikali ya New South Wales, anavua tabaka la juu. Sakafu iliyo mita 400 chini haimhusu. Kinachomfaa zaidi ni kipimajoto cha maji, ambacho transdyusa nyingi huwa nacho, kwa sababu Mkondo wa Australia Mashariki huleta maji ya joto ya buluu kutoka kaskazini, na samaki wakubwa hupenda kuwinda kwenye mpaka wa maji hayo na yale ya baridi. Kilowati 1 ni ya mtu anayeshusha ndoana hadi chini kabisa. Wengine wanaoinunua wanalipia kina wasichokivua.

Kufunga kuliko kununua

Malalamiko mengi kuhusu kifaa kibovu ni malalamiko kuhusu ufungaji mbovu. Transdyusa haisikii kitu ikiwa imezungukwa na mapovu, na mapovu hutoka kwenye pangaboi, kwenye mbavu za chini ya boti na kwenye misumari iliyojitokeza. Pangaboi nyingi huzunguka kufuata mwendo wa saa, hivyo transdyusa hufungwa upande wa kulia wa tezi, mbali kidogo na injini, ikishuka chini ya usawa wa boti kidogo tu. Kama sakafu inapotea kwenye skrini kila boti inapokimbia, sogeza transdyusa kabla ya kulaumu mashine.

Boti za alumini ni nyingi sana Sydney, na zinahitaji tahadhari ya ziada: transdyusa ya shaba ikifungwa kwa kutoboa boti ya alumini huanzisha kutu ya umeme inayokula bodi. Chagua ya plastiki au ya chuma cha pua, kwa ushauri wa fundi. Kwenye boti ya fiberglass, transdyusa inaweza kugandishwa ndani bila kutoboa, mradi mahali hapo pawe fiberglass tupu isiyo na povu wala mbao katikati. Utapoteza nguvu kidogo, na kipimajoto hakitafanya kazi. Umeme nao uvutwe moja kwa moja kutoka betri, kwa waya wake na fyuzi yake, ili kuwasha injini kusizime skrini.

Vya ziada

Sona, yaani kuona kwa mwangwi, ya kutazama ubavuni husaidia sana katika maji mafupi. Huonyesha gogo au kundi la samaki lililo mita 30 kando ya boti. Nje ya lango, penye mawimbi na kina kirefu, faida yake hupungua. Sona hai, inayoonyesha samaki akiogelea papo hapo, ilivuma baada ya kampuni ya Garmin kutoa LiveScope mwaka 2018. Inapendeza mitoni na kwenye mabwawa, lakini kwa boti ya baharini bei yake ni vigumu kuitetea. Ramani ya GPS ndani ya kifaa ni jambo jingine: hurudisha mvuvi kwenye jiwe lilelile, humwonyesha njia ya kurudi ukungu ukishuka, na humweka mbali na maeneo yaliyokatazwa kuvuliwa kama Cabbage Tree Bay kule Manly. Kati ya skrini kubwa isiyo na ramani na ndogo iliyo nayo, chukua iliyo nayo.

Ukishawasha kifaa, zima alama za vijisamaki vya katuni. Mashine hukisia, na mara nyingi povu au jani huitwa samaki. Ongeza usikivu hadi skrini ijae chengachenga, kisha punguza kidogo. Jifunze kusoma sakafu: mstari mnene wenye mwangwi wa pili chini yake ni mwamba au changarawe, mstari mwembamba uliofifia ni tope.

Mambo ambayo skrini haisemi

Hakuna kitafuta samaki kinachoeleza kama samaki analika. Kwa sababu ya sumu ya dioksini iliyotokana na viwanda vya zamani vya Homebush Bay, uvuvi wa kibiashara ulipigwa marufuku katika Bandari ya Sydney mwaka 2006, na ushauri wa serikali ni kutokula kabisa samaki aliyevuliwa magharibi ya daraja. Kwa upande wa mashariki, kiasi kinachoshauriwa kwa ujumla ni gramu 150 kwa mwezi. Wala kifaa hakimpimii mtu samaki wake: snapper chini ya sentimita 30 na kingfish chini ya sentimita 65 hurudishwa majini. Leseni ya uvuvi wa burudani hulipiwa kabla ya kutupa mshipi, na fedha hizo ndizo zinazosaidia kugharimia maboya ya fulusi na miamba bandia. Anayevuka maili 2 za baharini kutoka pwani lazima awe na EPIRB, kifaa cha kutoa ishara ya dharura. Bajeti inayonunua skrini kubwa na kusahau EPIRB imepangwa vibaya.

Kwa mwenye boti ya mita tano hivi anayevua ghuba wiki moja na miamba ya nje wiki nyingine, uamuzi ni rahisi: skrini ya inchi 7 yenye ramani, CHIRP ya masafa ya kati na ya juu, wati 600, transdyusa ya tezini yenye kipimajoto, na fundi anayejua kuifunga. Zaidi ya hapo, alipe pale tu atakapokuwa na samaki wa kina kirefu anaowafuata.