Kisanduku Kinachouliza: Una Hakika?

Kuuliza si ujinga, walisema wazee wetu, na siku hizi hata simu ya mkononi imeishika methali hiyo. Kila atumaye fedha kwa simu amekwisha kukutana na kijisanduku kinachochomoza juu ya kioo, kikaisimamisha kazi na kudai jawabu: ndiyo au siyo? Mafundi hukiita kisanduku cha mazungumzo. Mimi naona kina udugu na ijabu na kabuli: mmoja hunena, mwenziwe hujibu, ndipo jambo likafungika.

Thamani yake niliiona Gatwekera, kijiji kimojawapo cha Kibera, jijini Nairobi. Mama muuza mboga alikuwa akimlipa mwenye shehena kwa M-Pesa. Jina lilipotokea alilisoma kwa sauti, akaruka: "Siye huyu!" Tarakimu moja tu ilikuwa imepotoka. Akaghairi upesi, akanigeukia: "Mzee wangu, zingekwenda hizi, kesho ningeuza nini?"

Jina hilo halikuwapo tangu mwanzo. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa mwezi wa Machi, 1007 haikuwa, bali 2007, kisanduku kilionyesha nambari na kiasi cha fedha tu. Jina la mpokeaji lilikuja katika ujumbe, fedha zimekwisha kwenda. Baadaye ndipo ikaja huduma iitwayo Hakikisha, inayomtaja mpokeaji kwanza na kumpa mtumaji sekunde chache za kughairi. Aliyekwisha kukosea huupeleka ujumbe wake kwenye nambari 456, lakini mpokeaji akiwa amezitoa fedha, kuzirudisha ni kazi.

Tazama basi, jina moja lilivyo na uzito! Kuulizwa "una hakika?" juu ya tarakimu kumi ni kuulizwa gizani, kwani nani azijuaye nambari za watu wote kwa moyo? Jina ndilo taa.

Na maneno ya kisanduku yana adabu yake. Wamarekani wa kampuni ya Apple, walipokuwa wakiijaribu kompyuta yao Lisa kabla haijatoka mwaka 1983, waliandika juu ya kitufe Do It, yaani tenda. Mjaribu mmoja akayasoma maneno hayo kama neno moja, dolt, lenye maana ya mpumbavu, akakasirika kwa kutukanwa na mashine. Ikabidi waandike OK.

Lakini swali likizidi huchosha. Kisanduku kinachouliza kila dakika humzoesha mtu kubonyeza "ndiyo" bila kusoma, na siku ya hatari ikifika kidole kimekwisha kutangulia macho. Mafundi wetu na waulize mara chache, kwa Kiswahili kinachoeleweka sokoni, na wakitaje kinachopotea. Nasi tunaoulizwa tusome kwanza, maana majuto ni mjukuu.