Nikahi Inapotazamwa Muscat

Siku hizi nikahi haihudhuriwi na waliomo msikitini pekee. Shangazi yuko Muscat, ndugu yuko London, na bibi aliyelala kitandani Lamu naye ataka kusikia mjukuu wake akiozwa. Kijana wa nyumbani hukabidhiwa kompyuta, akaambiwa, "Warushie." Kisha penye ijabu na kabuli, maneno ambayo watu wote wamekaa kuyangojea, picha huganda na sauti hukatika.

Wengi huilaumu kamera. Sisi twaona kuwa mara nyingi kosa li katika vipimo vilivyochaguliwa. Video ni maji, na intaneti ni mfereji. Kasi ya biti ni kiasi cha maji yanayosukumwa humo kila sekunde. Na mfereji unaohusika hapa ni wa kupandisha, si wa kushusha, nao katika mitandao ya simu aghalabu huwa mwembamba zaidi. Basi upimeni pale pale msikitini, tena watu wakiwa wamejaa, kwani wageni mia wenye simu hugawana mnara mmoja. Mkipata megabiti 4, tumieni 2 au 2.5 tu. Zilizobaki ni akiba ya kuyumba kwa mtandao.

Kilobiti 2,500 kwa sekunde zatosha picha ya 720 yenye fremu 30, maana walioketi kitako hawakimbii (nikahi si mpira). Anayeng'ang'ania 1080 kwa biti hizo hizo huenda akapata vigae vya rangi mahali pa nyuso. Mtandao ukiwa dhaifu, shukeni hadi 480 kwa kilobiti 1,000. Na mwenye kulipia bando ajue kuwa kilobiti 2,500 hula takriban gigabaiti 1.1 kwa saa.

Katika usimbaji, chagueni H.264. Ni wa tangu 2003, na kwa sababu hiyo hufunguka hata katika simu kuukuu ya bibi. HEVC wa 2013 hubana zaidi, lakini si kila kifaa kinaupokea. Kasi ya biti iwe isiyobadilika, na fremu kuu ije kila sekunde 2, ili aliyekatikiwa apate picha upesi anaporudi.

Sauti ndiyo nikahi yenyewe. Ipeni kilobiti 128 za AAC wala msizipunguze; ni kidogo mno kando ya picha. Maikrofoni iwe karibu na mwozeshaji, isitegemewe ile ya kompyuta iliyo nyuma ya safu tatu.

Upande wa akina mama hatuoni urushwe kabisa. Kiungo cha siri husambazwa kwa kidole kimoja, na anayetazama aweza kurekodi. Bibi harusi na wageni wake waulizwe kabla kamera haijawashwa, si baadaye.

Jaribio lifanywe siku moja kabla, na siku yenyewe awepo mtu Muscat, simu mkononi, wa kusema kama yuasikia. Akumbushwe tu kwamba saa yao iko mbele ya yetu kwa saa moja.