Jeshi la Wadachi Lililofika Gazi: Utangulizi

Historia ya jeshi la Kaisari wa Ujerumani imezoea kuandikwa divisheni kwa divisheni: iliundwa lini, ilipigana wapi, nani aliiongoza. Divisheni moja ya askari wa miguu mwaka 1914 ilikuwa na watu wapatao 17,000, na kumbukumbu nyingi za divisheni hizo ziliteketea Potsdam kwa mabomu ya Aprili 1945. Wewe uliyeko Diani huna haja ya kuanzia huko. Anzia Gazi, hapo kusini kabla hujafika Msambweni, mahali ambapo askari wa Kaisari huyohuyo walifika wakiitaka Mombasa.

Huku kwetu Wadachi, yaani Wajerumani, hawakuwa na divisheni hata moja. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka Agosti 1914, jeshi lao la Afrika Mashariki, Schutztruppe, lilikuwa na kombania 14, askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani wasiofika 300. Kila kombania ilijitegemea. Ilikuwa na bombomu zake na wapagazi wake, na nyuma yake walifuata wake na watoto wa askari, waliopika, waliouguza na waliobeba vyombo. Askari wengi walishika bunduki za mwaka 1871, zenye moshi mzito uliomfichua mpigaji. Mbung'o waliua farasi na punda, kwa hiyo risasi na chakula vilisafiri juu ya vichwa vya watu. Anayetaka kulielewa jeshi hili ahesabu wapagazi kabla ya bunduki.

Lilizaliwa kwa ajili ya kuvunja upinzani wa pwani. Mwaka 1889 ofisa Mjerumani Hermann von Wissmann aliajiri Wasudani kutoka Misri na watu wa kusini mwa Msumbiji, akawaleta kumpiga Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani huo, aliyenyongwa Pangani Desemba mwaka huo. Vyeo vya ombasha, shaushi na efendi vilikuja na Wasudani hao. Baadaye waliandikishwa Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikiteketeza kikosi chao Lugalo mwaka 1891. Wakati wa vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, askari hao walichoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Ndiyo maana siwezi kuwaita watumishi watiifu, kama vitabu vya maofisa wao vilivyopenda kuwaita. Walikuwa watu waliotafuta mshahara, heshima na nyumba yenye watu, na walivipata kwa kuwaumiza wengine.

Gazi yenyewe ina mkasa wake. Ilikuwa makao ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na, ngome yake ya Mwele ilipotekwa, akavuka mpaka na kujisalimisha kwa Wadachi Aprili 1896. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910. Miaka minne baadaye, tarehe 7 Oktoba 1914, Wadachi walishambulia Gazi wakakutana na askari wa Waingereza: King's African Rifles, Wahindi, na kikosi cha Waarabu cha Meja Arthur Wavell. Wengi wa kikosi hicho walikuwa Wahadhrami wa Mombasa. Wadachi walirudishwa nyuma. Barabara ya Diani na Likoni haikuwaona.

Januari 1915 mapigano yalihamia Jasin, ng'ambo kidogo ya Vanga. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, alikusanya kombania tisa na kuizingira ngome ya askari Wahindi wa Waingereza hadi ikasalimu amri tarehe 19. Ushindi huo ulimgharimu maofisa wengi na risasi 200,000 hivi, naye akatambua kwamba hana akiba ya kupigana tena vita vya namna hiyo zaidi ya mara tatu. Tangu hapo akachagua kuvizia, kuvunja reli na kukimbia. Mbinu iliyompa sifa Ulaya ilitokana na hesabu ya Jasin. Waingereza nao waliiacha Vanga, na Wavell aliuawa karibu na Mwele Januari 1916.

Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, leo Mbala, Novemba 1918. Kwa upande wa Waingereza peke yake, kumbukumbu rasmi zinataja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi na utapiamlo, na wanahistoria huona idadi ya kweli ni kubwa zaidi.

Kwa kusoma, anza na utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy juu ya Wadachi kuitwaa Mrima, uliotungwa na mtu wa pwani aliyeishi wakati huo wa kutwaliwa. Kisha msome mwanahistoria Michelle Moyd, aliyewatazama askari pamoja na kaya zao. Kitabu cha Lettow-Vorbeck kisome mwisho, ukijua aliandika kujitukuza. Mafaili ya serikali ya Wadachi yapo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Lakini upande wa Wadigo, Wavumba na Wasegeju haumo ndani ya mafaili hayo. Ikiwa nyumbani kwenu Vanga, Gazi au Msambweni kuna barua ya zamani ya hati ya Kiarabu, au mzee anayekumbuka babu yake alibebeshwa mzigo wa jeshi gani na kupelekwa wapi, kaa naye uandike, pamoja na majina ya watu na ya vijiji, kabla ya mwaka huu kwisha.