Mzigo Unapita au Umefika?

Kontena la vitenge likishushwa Dar es Salaam kwenda Bujumbura halilipi ushuru wa forodha Tanzania. Mlangoni pake pamefungwa sili yenye namba, na namba hiyohiyo imo kwenye hati alizoshika dereva. Sili ikifika mpaka wa Kabanga ikiwa nzima, kisheria vitenge vile havikuingia nchini, hata kama vimelala Morogoro, vikalala Dodoma, vikalala Singida. Ikikutwa imekatwa, aliyeuwekea mzigo dhamana anadaiwa ushuru wote. Kwa mtu wa forodha, kupita ni kitu kimoja na kufika ni kitu kingine kabisa. Tofauti hiyo ndogo iligombaniwa vikali sana zama za ukoloni, na aliyekuwa na nguvu ndiye aliyekuwa akiamua mzigo upi umepita na upi umefika.

Tuanzie Ugogo, kabla ya ukoloni. Siku hizi hongo ni rushwa. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa malipo ya njia, na msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji uliyalipa kwa watemi mmoja baada ya mwingine, kwa doti za merikani na kaniki, kwa shanga na nyaya za shaba. Wasafiri wa Kizungu waliandika kwa hasira kwamba wanaporwa. Lakini Ugogo ni nchi kame. Msafara wa watu mia tano ukipiga kambi kisimani, kisima kinaweza kukauka kabla wenyeji hawajanywesha ng'ombe wao. Mtemi aliyetoza hongo alikuwa akitoza maji, malisho na usalama. Hakujali nguo zile zinakwenda kuuzwa wapi. Kwangu mimi huo ni ushuru wa haki kuliko mwingi uliofuata.

Pwani mambo yalikuwa tofauti. Mkataba wa Sultani Seyyid Said na Marekani wa mwaka 1833 ulisema wafanyabiashara wa Marekani watalipa asilimia 5 tu, tena kwa mali iliyoshushwa hasa. Hapo mtu anajiuliza: mali iliyohamishwa kutoka merikebu hadi jahazi bandarini Unguja, ikaenda zake Mrima, pwani ya bara, imeshushwa au haikushushwa? Msimamizi wa forodha, ambaye alikuwa tajiri aliyeikodi forodha nzima kwa Sultani kwa kiasi maalumu cha mwaka, angependa jibu liwe ndiyo. Nahodha angependa liwe hapana. Uingereza nayo, katika mkataba wake wa 1839, iliahidiwa asilimia 5 hiyohiyo, ila pembe za ndovu na sandarusi za Mrima, kutoka Mtang'ata hadi Kilwa, zikabaki mikononi mwa Sultani. Alijua utajiri wa dola yake unapitia wapi.

Kisha ukaja Mkataba wa Berlin, tarehe 26 Februari 1885. Mataifa yaliyokutana pale yalichora ukanda wa biashara huria kutoka bonde la Kongo hadi Bahari ya Hindi, yakasema bidhaa zitakazoingizwa humo zisitozwe ushuru wa kuingia wala wa kupita. Sultani Barghash, mwenye forodha za pwani hiyo, hakuwa na kiti mezani. Mataifa hayo yaliweka sharti kwamba dola huru haifungwi mpaka ikubali yenyewe, lakini miaka michache baadaye forodha zenyewe zilikwisha mtoka mrithi wake. Mwezi Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilianza kusimamia forodha za Mrima kwa mkataba aliousaini mrithi huyo, Seyyid Khalifa, na Pangani ikawaka moto wa uasi wa Abushiri bin Salim. Watu wa pwani walikuwa na sababu nyingi za kuinuka. Kumwona mgeni ameketi penye mizani ya forodha ilikuwa mojawapo.

Mwaka 1890 mkutano wa Brussels ukalegeza sharti la Berlin: ushuru wa kuingiza ukaruhusiwa, usizidi asilimia 10. Wiki hiyohiyo Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba mizigo yao baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ipite bila ushuru wa njia. Tangu hapo kupita kukawa na thamani ya fedha taslimu.

Kesi iliyo wazi kuliko zote ni ya Kigoma. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji, ambalo askari na wapagazi wake wengi walikuwa Wakongo, liliteka Kigoma na Tabora. Vita vilipokwisha, Ubelgiji ilibaki na Ruanda-Urundi, Uingereza ikabaki na Tanganyika pamoja na reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Bandari na reli vilikuwa kwa mmoja, mizigo ilikuwa ya mwingine. Ndipo tarehe 15 Machi 1921 nchi hizo mbili zikatia saini mkataba London: mizigo ya kwenda na kutoka Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila ushuru, na Ubelgiji ipewe viwanja viwili, kimoja bandarini Dar es Salaam na kingine Kigoma. Kodi yake faranga 1 kwa mwaka. Muda wake milele.

Watu waliviita Belbase. Shehena ikishushwa kwenye kiwanja cha Dar es Salaam ilikuwa kama imeshukia Kongo. Ikapanda reli, ikavuka nchi nzima, ikaingia kiwanja cha Kigoma, ikapakiwa meli kwenda Albertville au Usumbura, na forodha ya Tanganyika haikupata ushuru wake hata senti. Mwaka 1951 mkataba mwingine ukahamisha eneo la Dar es Salaam kulifuata gati jipya la kina kirefu. Neno milele halikuguswa.

Tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya uhuru, Julius Nyerere alilieleza Bunge kwamba ukodishaji huo hauwezi kuifunga Tanganyika. Hoja yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupanga chumba: mpangaji wa muda hawezi kumpangishia mwenzake chumba hichohicho milele. Uingereza ilikuwa mdhamini tu kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa. Na huo udhamini wenyewe ulithibitishwa Julai 1922, zaidi ya mwaka mmoja baada ya kalamu kutua London. Nyerere hakukataa mizigo ya majirani ipite. Alikataa ipite kwa haki ambayo mwenye nchi hakuitoa, akawa tayari kukaa nao upya kama marafiki.

Mwezi mmoja tu baada ya mkataba wa Belbase, mwezi Aprili 1921, mataifa yalikutana Barcelona yakakubaliana kanuni ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa sheria ya mizigo ipitayo: nchi inayopitiwa isitoze ushuru wa kupita, ila inaweza kudai gharama za kuusimamia upitaji huo. Malori ya kigeni yanayokata nchi yetu leo yanalipia barabara kwa kadiri ya kilomita, kwa sababu lami inachakaa. Mtemi wa Ugogo alidai kwa sababu kisima chake kilikuwa kikikauka.