Kumkumbuka Dada Aliyetutangulia
Ninyi wa Nyololo mliomzika dada mpendwa mwauliza: matanga yakiisha, tumkumbukeje? Tumtazame Sista Irene Stefani, mtawa wa Konsolata. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwauguza wapagazi huko Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Baadaye, huko Gikondi nchini Kenya, alimwuguza mgonjwa wa tauni, akaambukizwa, akafariki tarehe 31 Oktoba 1930. Wakikuyu walimwita Nyaatha, yaani mama wa huruma; na jina hilo lilikuwa lingali vinywani mwa watu alipotangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri mwaka 2015. Matendo yake ndiyo yaliyomtunzia jina. Basi, mtajeni dada yenu katika Misa. Na yule mgonjwa aliyezoea kumtembelea, sasa mtembeleeni ninyi.