Vitu vya Kuchezea Watoto Vipimwe Bandarini

Kila ifikapo Idd, tangu alasiri, njia za Mjini Unguja huwa kama zote zinaelekea Mnazi Mmoja. Watoto waliovalishwa nguo mpya, wengine wakiwa wametoka mashamba kwa daladala pamoja na dada zao, huzunguka uwanjani wakiwa wamezifumbata pesa za sikukuu walizopewa na wazee wao. Pesa hizo hazilali. Kabla ya magharibi zimekwisha kuwa bastola ya plastiki, firimbi, mwanasesere mwenye mashavu mekundu, au mkufu wa bandia unaong'ara kuliko dhahabu. Sisi tuliokulia katika mji huu tunaijua furaha hiyo, wala hatukushika kalamu leo kwa nia ya kuiharibu.

Twataka kuuliza swali moja tu. Mashavu ya mwanasesere yule yamepakwa rangi gani? Mchuuzi hajui. Yeye amenunua dazeni Darajani. Aliyemuuzia dazeni alinunua katoni. Na mwenye katoni alilifungua kontena lililotoka Dubai au Guangzhou, pengine likipitia Dar es Salaam. Ni nadra, katika mkondo wote huo, kumpata mtu aliyewahi kuuliza. Na mama mzazi, hata awe mwangalifu kiasi gani, hawezi kujua kwa kutazama wala kwa kunusa.

Rangi nyingi za manjano, za machungwa na nyekundu zilikuwa zikitengenezwa, na mahali pengine zingali zinatengenezwa, kwa kutumia madini ya risasi, kwa kuwa hung'ara, hudumu na ni rahisi. Ubaya wa risasi ni kwamba mwili huidhania kuwa ni chokaa ya kujengea mifupa, ukaipokea na kuiweka akiba. Mtoto mdogo huifyonza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima katika kiasi kile kile kilichomwingia tumboni, na mwenye upungufu wa madini ya chuma mwilini hufyonza zaidi ya hapo. Tena risasi ina utamu katika ulimi, na mtoto wa mwaka mmoja hakijui kitu mpaka akitie kinywani. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama. Mtoto aliyeathirika haonyeshi homa wala upele. Huonekana tu, miaka kadhaa baadaye, kuwa mzito wa kusoma, mwepesi wa hasira, asiyetulia darasani. Na sisi tukamwita mtundu, mwalimu akamwita mjinga.

Wako watakaosema kwamba haya ni mashaka ya matajiri. Na tuwatazame basi hao matajiri. Nchini Marekani, katika jimbo la Minnesota, mwezi wa Februari mwaka 2006, alifariki mtoto wa miaka minne aliyemeza kidani kidogo chenye umbo la moyo, kilichokuwa zawadi ya bure iliyouzwa pamoja na viatu vya Reebok. Kidani hicho kilipopimwa kilikutwa kuwa ni risasi tupu, asilimia 99. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, kampuni ya Mattel ilirudisha kutoka sokoni vitu vya kuchezea vipatavyo milioni moja na nusu duniani kwa sababu ya rangi yenye risasi. Hiyo ni kampuni kubwa, yenye maabara na mawakili, inayouza katika nchi yenye sheria tangu mwaka 1978. Baada ya fedheha hiyo Wamarekani walikaza kamba: sheria ya mwaka 2008 ilishusha kiwango cha risasi katika rangi kutoka sehemu 600 katika milioni hadi sehemu 90. Nchi za Ulaya nazo zilikuwa zimeanza mwaka 1999 kuzipiga marufuku kemikali za kulainisha plastiki, ziitwazo fithaleti, katika vitu ambavyo watoto hutia kinywani, na mwaka 2005 marufuku hiyo ikawa ya kudumu.

Mfanyabiashara anayefungiwa mlango mmoja hutafuta mwingine, na mlango usio na bawabu ndio unaomfaa. Mwaka 2017 wachunguzi wa mtandao wa kimataifa wa IPEN walitangaza matokeo ya kupima vitu vya plastiki kutoka nchi 26, Kenya ikiwamo, vingi vyao vikiwa vile vibweta vya rangi rangi ambavyo watoto huvizungusha kulinganisha pande. Tisa katika kila kumi vilikutwa na kemikali za kuzuia moto, za aina zinazotiwa katika makasha ya kompyuta na televisheni. Maana yake ni kwamba takataka za vyombo vya umeme zilisagwa, zikayeyushwa, zikarudi zikiwa zimevaa sura ya mchezo.

Na tusijidanganye kwamba hatari yote huja kwa meli. Kiasi kikubwa cha wanja unaouzwa kwa jina la wanja wa manga, tunaowapaka watoto wachanga nyusi na macho kwa mapenzi, hutengenezwa kwa jiwe lenye risasi. Hata gari la makopo, ambalo sisi wenyewe tumeliendesha kwa ufahari mkubwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe, hutegemea kopo lilikuwa la nini. La maziwa, hewala. La rangi au la dawa ya wadudu, hapana.

Zanzibar haikosi vyombo vya kulishughulikia jambo hili. Iko Taasisi ya Viwango, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Iko maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Iko Sheria ya Mtoto, nayo ya mwaka huo huo wa 2011. Hatusemi kwamba maofisa wa vyombo hivyo wamelala; tunajua kwamba mchele, mafuta ya kula na dawa huwachukulia muda wao mwingi, na ni haki iwe hivyo. Lakini kitu kinachotafunwa na mtoto mchana kutwa kina tofauti gani na chakula?

Ombi letu ni dogo. Siku hizi kuna mashine ya kushika mkononi, yenye umbo la bastola, ambayo hupima madini ndani ya kitu kwa mionzi bila ya kukivunja, na kwa rangi na vito vya bandia hutoa jibu la awali kwa muda usiozidi dakika chache. Haioni fithaleti, hilo lahitaji maabara, lakini risasi na kadimiamu haziipiti. Ofisa mmoja mwenye mashine hiyo bandarini, akichomoa kitu kimoja kimoja katika kila katoni ya vitu vya watoto, angeliweza kufanya kazi ambayo akina mama elfu kumi hawaiwezi. Na matokeo yatangazwe redioni kwa jina la bidhaa, ili mzazi wa Makunduchi na wa Nungwi asikie sawasawa na wa Shangani.

Tungechukizwa sana, hata hivyo, iwapo wito huu ungefahamika kuwa ni ruhusa ya kuwapindulia wachuuzi makapu yao pale Mnazi Mmoja. Kumnyang'anya kijana firimbi 20 alizozikopa, ilhali kontena zima limekwisha kupita, hakumlindi mtoto hata mmoja. Hasara imwangukie mwagizaji, naye atalazimika kumdai mtengenezaji cheti kabla ya kulipa.

Bidhaa za sikukuu huagizwa miezi mingi kabla ya mwezi kuandama. Ikiwa vyombo vinavyohusika vitangoja mpaka mfungo wa Ramadhani uanze, vitakuta shehena imekwisha kutawanywa madukani.